Mzee Mwenyewe na Nati Iliyokazwa Kulia

"Jirani, hebu nieleweshe. Ninyi kwenu vitu vinaharibika ndipo mumeo anavitengeneza, au mumeo anavitengeneza ndipo vinaharibika?"

Swali hilo aliliuliza mshonaji wa nguo anayekaa upande wa pili wa ukuta. Alimwuliza mke wa marehemu, siku moja wakianika nguo. Walicheka wote wawili mpaka vibanio vikawadondoka mkononi. Kisha mke wa marehemu akatupa jicho kwenye dirisha la stoo ya mumewe, na kicheko kikamkatika. Dirisha lilikuwa wazi.

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mzee mmoja aliyejulikana mtaani kwake kama Mzee Mwenyewe. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa, kwa sababu ya neno lake. Bomba likivuja: "Nitafanya mwenyewe." Bati likiinuka: "Nitafanya mwenyewe." Hata jino lilipomsumbua, mdogo wake anasema alilitazama koleo kwa muda mrefu kidogo kabla ya kwenda kwa daktari.

Mzee Mwenyewe alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha samani mpaka alipostaafu. Amefariki kwa kiharusi, nyumbani kwake, kitandani kwake. Ameacha mjane, binti mmoja, na mdogo wake wa kiume. Nawataja mapema kwa sababu hao ndio mtakaowasikia. Mjane, binti na baba mdogo.

Nianze na sifa zake, maana marehemu huanziwa na sifa.

Uani kwake kuna stoo. Ndani ya stoo kuna ubao mkubwa, umefunika ukuta mzima. Kila kifaa kimetundikwa kwenye msumari wake, na nyuma ya kila kifaa amechora umbo lake kwa rangi nyeupe. Nyundo ikitoka, umbo la nyundo linabaki ukutani. Msumeno ukitoka, unaona meno yake meupe. Maumbo hayo aliyaita vivuli. Akisimama mlangoni, kwa kutupa jicho mara moja tu, anajua nani hajarudi nyumbani.

Na hakuwa na choyo. Mtaa mzima uliazima kwake. Bisibisi, randa, patasi, pimamaji, drili, ngazi ndefu na ngazi fupi. Alikuwa akimwambia mtu, "Chukua, ila kivuli chake kinakungoja." Na mtu alirudisha. Fundi rangi mmoja ametupigia simu hapa kituoni. Amesema: "Brashi yangu ya kwanza nilishika ya kwake. Bila yule mzee, leo ningekuwa nabeba mizigo ya watu." Mama mmoja naye akasema mzee alimfundisha kubadilisha koki bila kumwita fundi, na tangu siku hiyo hajamwita. Hayo ni ya kweli, nami nayatangaza kwa sababu ni ya kweli.

Alikuwa na vitabu pia. Rafu nzima. Kitabu cha useremala, kitabu cha mabomba, kitabu cha umeme wa nyumbani, kitabu cha kujenga uzio. Lakini kimoja kilikuwa juu ya vyote. Kinene, jalada jekundu, mgongo wake umezungushiwa utepe mweusi wa nyaya. Hicho alikiita Mkubwa. Kukiwa na ubishi wowote, awe anabishana na jirani, na mdogo wake au na mkewe, aliuliza neno moja tu: "Mkubwa anasemaje?" Na ubishi uliishia hapo.

Ukurasa wa kwanza wa Mkubwa una kanuni. Mzee aliipenda sana kanuni hiyo, akaiandika kwa rangi kwenye mlango wa stoo, herufi kubwa: KULIA KAZA, KUSHOTO LEGEZA. Nati, skrubu, kifuniko cha chupa, chochote cha kuzungusha. Kulia kaza, kushoto legeza. Ni kanuni ya kweli, wasikilizaji wapendwa, karibu kila mahali. Shikeni hilo neno "karibu".

Sasa niingie ndani ya nyumba.

Ndani ya nyumba, mkewe alikuwa mshika tochi. Mzee akilala chini ya sinki, mkewe anapiga magoti na tochi. Mzee akipanda darini, mkewe yuko kwenye ngazi na tochi. Nilimwuliza mjane ilikuwaje kazi hiyo. Alinijibu taratibu, kama mtu anayenieleza namna ya kuosha mchele:

"Mkono ukichoka, mwanga unatetemeka. Mwanga ukitetemeka, ananigonga hapa kwenye kifundo cha mkono kwa futi ya chuma. Hakuwa akinipiga, dada. Alikuwa akinigonga. Kwa kipimo."

Akaniwekea kifundo juu ya meza nikione. Kina kinundu.

Na siku za mapumziko, watu wakijaa uani kuazima vifaa, mzee alimwita. "Mama! Njoo ufanye mtihani." Mke anatoka jikoni akijifuta mikono.

"Hii nini?"

"Koleo."

"Hii?"

"Randa."

"Na hii?"

"Pimamaji."

"Pimamaji linapima nini? Maji ya kuogea?"

"Linapima usawa."

"Usawa upi huo? Wako na wangu?"

Na uani kunavunjika mbavu. Mshonaji alicheka. Fundi rangi alicheka. Baba mdogo, ambaye alikuwa anakaa hapo nyumbani kwa kaka yake, aliniambia yeye alikuwa akicheka kuliko wote. "Nilikuwa nakula kwake," alisema. "Mtu unayekula kwake, mzaha wake ni mtamu daima."

Mke alikuwa anajibu maswali yote sawasawa. Hakuwahi kukosea hata moja. Nalitaja hili kwa sababu siku zile walipokuwa wanacheka, hakuna aliyeligundua.

Sasa naja kwenye asubuhi yenyewe.

Binti yao alikuwa amemaliza shule na amepata kazi ya mapokezi katika ofisi moja. Alikuwa bado hajaanza. Mama yake alikuwa amemnunulia blauzi mbili, nyeupe na ya samawati, na binti alikuwa hajaamua ataanza na ipi. Asubuhi hiyo alikuwa jikoni anakaanga mayai, macho kwenye kikaango, mafuta yakichachatika. Jiko la gesi liko juu ya meza ya saruji, mtungi uko chini, gizani.

Mama akasikia harufu. Akamwita mumewe. Akasema, "Baba, gesi inanuka. Tuzime jiko kwanza, tufunge na mtungi."

Mzee akasema, "Nati imelegea kidogo tu. Lete tochi."

Mama akaleta tochi. Akapiga magoti. Mzee akaja na spana, akaiweka kwenye nati, akakaza. Kulia. Harufu ikazidi. Mzee akasema, "Bado haijakaza." Akakaza tena. Kulia. Harufu ikazidi tena.

Mama akasema, "Baba, wauza gesi walipoufunga huu mtungi nilikuwa nimewashikia tochi. Nati hii walizungusha kushoto."

Mzee akaguna. Akauliza, "Mkubwa anasemaje?"

Mama akarudisha mwanga kwenye nati. Mzee akaegemeza kifua kwenye spana, akakaza kwa nguvu zake zote. Kulia.

Wasikilizaji wapendwa, nati ya mtungi wa aina ile imetengenezwa kinyume, kwa makusudi. Kushoto ndiko kukaza. Kulia ndiko kulegeza. Kila alipodhani anakaza, alikuwa anafungua. Na Mkubwa mwenyewe anasema hivyo, katika sura ya gesi. Nimekishika kitabu hicho kwa mikono yangu. Sura ya useremala ni nyeusi kwa vidole. Sura ya mabomba imekunjika pembe. Sura ya gesi ni safi, kama nguo ya dukani.

Nati ikatoka. Moto ukaruka kutoka chini kwenda juu, na juu alikuwa binti.

Mzee alitoka kwa mlango wa nyuma. Mama hakutoka. Alimvuta binti sakafuni na kuuzima moto uliokuwa kichwani mwake kwa viganja vyake. Hakukuwa na kitu kingine karibu, kwa hiyo alitumia viganja. Shavu la kushoto la binti, shingo, sikio na nywele za upande ule viliungua. Viganja vya mama viliungua vyote viwili.

Hospitalini, daktari aliuliza imekuwaje. Mzee Mwenyewe alijibu kabla ya yeyote. Alisema: "Mama yake alichezea nati ya mtungi. Angalieni mikono yake."

Wakaiangalia. Kweli mikono ilikuwa imeungua. Ya mzee ilikuwa mizima. Ushahidi gani tena?

Mama alisema mara moja tu, "Si mimi." Dada wa Mzee Mwenyewe, ambaye naye sasa ni marehemu, akamwambia, "Wifi, nyamaza, uchungu wa mtoto unakusemesha." Mshonaji akasema, "Mwanamke na spana, wapi na wapi." Watu wale wale waliomwona akipasi mtihani wa vifaa kila siku ya mapumziko, wote wakaamini kwamba hajui nati inazungushwa wapi.

Mtaa ukampa jina. Mama Gesi. Akienda dukani: "Mama Gesi, leo tukuuzie kiberiti au tuogope?" Akipita kwenye arusi: "Msimkalishe karibu na jiko." Akisema salamu, wanaitikia huku wanapuliza, kama watu wanaozima mshumaa. Jina hilo amelibeba miaka yote hii, mpaka mumewe anazikwa. Siku ya mazishi nilimsikia kwa masikio yangu mwanamke mmoja akimwuliza mwenzake, "Mama Gesi amekaa wapi?"

Lakini jina halikuwa uchungu wenyewe. Uchungu wenyewe ulikuwa binti.

Binti alitoka hospitalini akiwa na uso mwingine. Kazi ya mapokezi hakuianza. Ile ofisi ilimwambia kwa upole kwamba nafasi imejazwa. Na kuanzia hapo hakuwa anamwita mama yake mama. Alimwita "huyo". "Mwambie huyo asiingie chumbani kwangu." Chakula cha mama yake hakukila. Alijipikia mwenyewe, sahani yake mbali, sufuria yake mbali. Mama akiugua, binti alikuwa anamwuliza baba yake tu, "Ameshapona huyo?"

Baba yake alimfungulia duka la vifaa, chumba cha mbele. Misumari, msasa, gundi, futi, rangi za makopo. Alijenga rafu mwenyewe. Kusema kweli ni rafu nzuri, zimenyooka. Binti akakaa nyuma ya kaunta, upande wa uso usioungua ukielekea mlango. Baba ndiye aliyempangia kiti kikae hivyo. Wateja wakaja, duka likasimama. Watu wakasema, tazama upendo wa baba.

Mke alimwomba mumewe kitu kimoja. Hakumwomba mtaa uambiwe, wala hakumwomba amtake radhi. "Mwambie mtoto tu," alimwambia. "Siku moja mwambie, basi. Mimi sitakuuliza tena." Mzee alimjibu, "Nimwambie nini? Kwamba unajua kukaza kuliko mimi?"

Kisha kiharusi kikaja. Upande wa kulia wote ukafa, mkono na mguu. Mdomo ukaenda pembeni. Binti alikuwa anaingia asubuhi, anasimama mlangoni, anauliza hali, anarudi dukani. Aliyemlisha ni mke. Aliyemgeuza ni mke. Aliyemwosha ni mke, kwa viganja vile vyenye makovu. Na kila alipomaliza alimwinamia sikioni na kumwambia, "Baba, mwambie mtoto. Ulimi unao bado kidogo." Mzee alikuwa anageuzia uso ukutani.

Siku moja kitanda kikalegea mguu. Mke akaenda stoo, akachukua spana kwenye kivuli chake, mara ya kwanza maishani kuichukua bila kutumwa. Akapiga magoti akakaza bolti. Mzee akamtazama kwa jicho lile moja zima. Akakusanya pumzi. Mke akadhani amefika, anasema sasa. Mzee akasema: "Ume... kosea."

Hakuwa amekosea. Kitanda kilisimama imara mpaka siku mzee alipotolewa juu yake.

Wasikilizaji wapendwa, pole zangu nazitoa hapa, kabla sijafika mwisho, kwa sababu mwisho wenyewe hauna pa kuziweka. Pole mjane mwenzangu. Mwenyezi Mungu aliyeona nani alishika nini asubuhi ile, ndiye anayekujua. Pole binti, kwa uso na kwa yote. Pole baba mdogo. Na sisi tunaosikiliza, tujiulize. Ni nani tumempa jina tukilicheka, na tulikuwepo kweli siku ya jambo lenyewe? Ni nani tunamwamini kwa sababu tu vifaa vyake vimepangwa vizuri ukutani? Marehemu ameshakwenda kwa Hakimu asiyeuliza kitabu kinasemaje. Sisi bado tuko kwenye foleni.

Sasa niwaeleze tulivyoagana.

Nilikwenda nyumbani kwao kukusanya maneno ya kipindi hiki. Tulikaa sebuleni watu wanne: mjane, binti, baba mdogo na mimi na kinasa sauti changu. Kabla sijakiwasha, mjane alisema, "Yatakayosemwa leo yatangazwe yote. Usikate kitu." Binti akainua mabega. Baba mdogo akasema sawa.

Niliomba kila mmoja anipe neno moja la kumkumbuka marehemu. Binti akasema, "Baba alikuwa mtu wa mpangilio." Mjane akasema bado anatafuta neno. Ikafika zamu ya baba mdogo. Baba mdogo akakohoa, akaomba maji, akanywa, akaanza kulia. Mzee mzima na mvi zake.

"Mwanangu," alimwambia binti, "mimi siku ile nilikuwa mlango wa nyuma, napiga mswaki. Niliona yote. Mama yako alikuwa na tochi. Spana alikuwa nayo baba yako. Na alipotoka mbio, hakwenda kwenye maji. Alikwenda stoo. Akaifuta spana kwa shati, akaitundika kwenye kivuli chake. Ndipo akarudi kupiga kelele za moto. Mimi nilikuwa nakula kwake, mwanangu. Nikameza. Shemeji, nisamehe. Mama yako hana kosa, mwanangu, hakuwa na kosa kamwe."

Mjane alifumba macho. Nilimwona akiushika ukingo wa meza. Ile sentensi ameingoja kutoka kinywa cha mumewe mpaka mumewe akafa. Imekuja kwa kinywa kingine, lakini imekuja. Alifumbua macho, akamtazama binti yake, na uso wake ukafunguka kama wa msichana. Alinyoosha viganja vyake juu ya meza, kumwelekea.

Binti hakuvigusa. Alicheka kidogo, upande mmoja wa mdomo. Upande ule mwingine haucheki tena.

"Baba mdogo, unadhani unanipa habari?"

Baba mdogo akasema, "Habari gani?"

"Nilijua. Ile harufu ilinigeuza. Niligeuka kabla moto haujaja, nikamwona ana spana. Nilijua tangu siku ile ile."

Mjane akauliza, sauti ndogo kabisa, "Ulijua?"

"Nilijua, mama." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu ule moto, na kila mtu mezani aliisikia. "Nimelala pale nimefungwa bandeji, baba akaja kwanza, akaniinamia. Akasema, 'Mama yako hakukaza vizuri, sivyo?' Nikawaza. Nani ataniajiri na uso huu? Nani atanioa? Nitakaa kwa nani? Nyumba ni ya baba. Nikimwambia ni yeye, sina pa kukaa. Nikasema ndiyo, ni mama."

"Na miaka yote hii?"

"Miaka yote hii baba alikuwa hai."

Baba mdogo akasema, "Lakini mwanangu, mama yako!"

Binti hakumtazama baba mdogo. Alikuwa anamtazama mama yake, na alisema kwa upole, kama mtu anayetoa sifa: "Baba hakuwa mtu wa kusamehe. Wewe ndiye mtu wa kusamehe, mama. Nilikuchagua wewe kwa sababu hiyo. Sasa baba hayupo. Nisamehe tukae."

Mjane alivitazama viganja vyake vilivyokuwa bado vimenyooshwa juu ya meza. Akavirudisha taratibu mapajani. Nilidhani anatafuta maneno, nikamsogezea kinasa sauti.

Akasimama. Akajifunga mtandio wake. Alivaa viatu mlangoni, kimoja, kisha cha pili, bila kutugeukia, akatoka.